Baiskeli majira ya baridi: asubuhi nashika vijia vya mashambani, lami naisubiri jua lipande

#1 Mwendapole

Habari za jioni wakuu.

Nimemaliza kuosha baiskeli sasa hivi na vidole ndiyo kwanza vinaanza kurudisha hisia, lakini nimeona nisilale kabla sijaandika haya. Leo nimezunguka kilomita 38 kwenye njia za mashambani: zile barabara nyembamba za lami ambazo magari mawili yakikutana moja lazima lirudi nyuma, pamoja na vijia vya udongo vinavyopita kati ya mashamba na kukatiza msituni. Majira ya joto mzunguko huu naumaliza kwa saa mbili. Leo umenichukua saa tatu na nusu, nimeanguka mara moja, nimepata pancha, na bado nauhesabu kati ya mizunguko mizuri kuliko yote niliyowahi kuendesha.

Usiku wa kuamkia leo mbingu ilikuwa wazi, nyota tupu. Asubuhi kipimajoto cha dirishani kilisoma nyuzi 2 juu ya sifuri. Nikajiridhisha kwamba kama sifuri haijafikiwa basi barafu haipo, nikatoka jua linachomoza.

Kilomita ya nne kuna kidaraja kinachovuka kijito, na barabara inashuka kidogo kabla ya kukifikia. Lami ilikuwa na unyevu, matairi yanatoa ule mlio wa kupasua maji, shhhh, mfululizo. Nilipoingia darajani mlio ukakatika. Kwa kitambo cha kupepesa jicho nilisikia pumzi yangu na mnyororo tu. Halafu gurudumu la mbele likachomoka kwenda kushoto, na mimi nikawa chini kwa ubavu wa kulia. Mwendo haukuwa mkubwa, nimetoka na mchubuko wa nyonga na suruali iliyochanika gotini. Nilipoinuka nikavua glavu nikapapasa lami. Ilikuwa na utando wa barafu mwembamba kama ile ngozi ya ndani ya ganda la yai. Unaona kila kokoto chini yake, lakini kidole kinapita juu bila kukwama popote. Kwa macho huwezi kuitofautisha na lami iliyolowa.

Nikaanza kusukuma baiskeli pembeni, kwenye majani, na hapo ndipo nilipogundua jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Viatu vilikuwa vinashika. Majani yalikuwa meupe kwa sakitu, zile chembe za barafu za alfajiri, yamekakamaa, kila hatua inalia chini ya soli. Mbele kidogo kuna kijia kinachoingia shambani, ambacho wiki iliyopita kilikuwa tope la kufika vifundoni. Nikakijaribu. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, lakini saruji iliyokwaruzwa, na matairi yangu ya milimita 42 yakashika kuliko kwenye lami yoyote niliyokuwa nimepita.

Nikafuata vijia kwa zaidi ya saa nzima. Majira ya joto njia zile ni kama handaki la kijani, ua wa miti umekuzunguka huku na huku na huoni kitu. Sasa majani yameanguka, unaona mashamba mpaka upeo wa macho. Jua lilikuwa chini, kivuli changu kimelala shambani kirefu kuliko nyumba. Kila kijiti kilikuwa kimeota sindano nyeupe za barafu, na jua lilipozigusa zikaanza kudondoka. Ukisimama kimya unazisikia, tik, tik, tik, msitu mzima. Farasi wawili walikuja mpaka kwenye uzio, mvuke unawatoka puani, wakanitazama. Nilikaa nao dakika tano kwa sababu sikutaka kuondoka.

Ilipofika saa tano hivi kijia kikabadilika. Jua lilikuwa limeyeyusha tabaka la juu, unene wa kidole, na chini yake bado ni jiwe. Maji yanakosa pa kunywea, kwa hiyo tope linaelea juu ya barafu, na tairi likawa linajitafutia njia lenyewe. Nikatoka kwenda lamini, na muda huo lami ilikuwa imekauka isipokuwa kwenye vivuli.

Miaka yote nimefanya kinyume: asubuhi lami kwa kuwa ndiyo "salama", vijia baadaye nikishapata joto mwilini. Naona sasa nilikuwa nakutana na kila njia katika saa yake mbaya. Asubuhi ya sakitu ni ya vijia, lami inataka jua kwanza.

Pancha niliipata saa sita, mwiba wa ua wa miti. Msimu huu ndio wakulima wanapogoa nyua zao, na vijiti vyenye miiba vinabaki barabarani. Kubadilisha tyubu kwa vidole vilivyokufa ganzi kulinichukua dakika 25, na katikati yake nilifikiria kwa dhati kuisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Wenye ujuzi wa hilo naombeni msaada. Na ninyi wengine mnazipangaje njia zenu kipindi hiki?

#2 Rimu36

Pole sana mkuu kwa kuanguka. Hicho kipande cha mlio kukatika kimenisisimua, na mimi kilishanipata ila sikuwahi kukipa jina. Naweka kambi hapa. Hayo matairi ya milimita 42 ulijaza upepo psi ngapi (kipimo cha msukumo wa hewa)?

#3 Mtazamawingu

Pole mkuu. Niseme kidogo kuhusu hizo nyuzi 2, maana wengi wanaumia hapo hapo.

Vipimajoto vya vituo vya hali ya hewa huwekwa kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Joto unalolisoma kwenye utabiri ni la hewa ya usawa huo, si la lami. Usiku wa mbingu wazi ardhi inamwaga joto lake juu na hakuna wingu la kulizuia, kwa hiyo uso wa barabara unaweza kuwa baridi kuliko hewa kwa nyuzi kadhaa. Hewa nyuzi 2 au 3, lami chini ya sifuri, ni jambo la kawaida kabisa. Mimi hewa ikishuka chini ya nyuzi 4 baada ya usiku wa nyota, naendesha nikijua barafu ipo mahali fulani inanisubiri. Usiku ukiwa na mawingu mazito naweza kuwa na nyuzi 2 hizo hizo na barabara nzima isiwe na barafu.

Daraja linaganda kabla ya barabara kwa sababu hewa baridi inalipita juu na chini, wakati barabara ya kawaida imelalia ardhi inayotunza joto. Na hewa baridi ni nzito, inateremka taratibu kama maji mpaka inatuama bondeni. Mteremko, kijito, daraja: ulikuwa na mitego yote mahali pamoja.

Jingine ni saa uliyotoka. Watu hudhani baridi kali ni ya usiku wa manane. Mara nyingi ni muda mfupi baada ya jua kuchomoza, kwa sababu jua la kwanza ni dhaifu na ardhi bado inapoteza joto zaidi ya inalopokea. Kwa hiyo hilo wazo lako la kuiachia lami jua naliunga mkono kwa mikono miwili. Ila angalia kivuli. Upande wa ukuta au wa msitu ambao jua la msimu huu halifiki, barafu ya alfajiri inaweza kukaa mpaka kesho yake.

#4 Mzee wa Mitaro

Kijana, uandishi wako mzuri, lakini kwenye vijia sikubaliani nawe moja kwa moja.

Kijia kilichoganda ni kizuri kama kiliganda kikiwa tambarare. Kama jana trekta ilipita kwenye tope, au ng'ombe, na usiku pakaganda, leo asubuhi una reli za saruji. Gurudumu la mbele likishaingia kwenye mfereji wa tairi la trekta hulitoi kwa kugeuza usukani. Usukani unageuka, gurudumu linabaki pale pale, wewe unaendelea na safari bila baiskeli. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono namna hiyo, wiki sita kwenye plasta, na mpaka leo baridi ikija kinanikumbusha.

Kwato za ng'ombe ni mbaya zaidi. Mifereji ina mwelekeo, unaweza kuifuata, kwato hazina.

Na madimbwi ya vijiani yaogopeni. Maji ya chini yakishanywewa na ardhi, juu panabaki kioo cha barafu na chini yake uwazi mtupu. Ukikanyaga kinavunjika, gurudumu linazama kwenye shimo ambalo hukujua kina chake, na vipande vyake vina makali. Zunguka, au shuka utembee.

#5 Mwendapole

Shikamoo mzee. Nashukuru, na umenirekebisha mahali pa kurekebishwa. Kijia nilichokipita ni cha watembea kwa miguu na farasi wachache, trekta haiingii. Kulikuwa na kipande kimoja kando ya lango la shamba chenye mifereji kama unayoieleza, nacho nilishuka nikatembea, ila sikukiandika kwa kuwa nilikiona kidogo. Kumbe ndicho cha kuandikwa.

Nimepata wazo kutokana na maneno yako: kijia ukikague siku ya tope. Ukijua leo tope limelalaje, unajua kesho likiganda litakuwa na sura gani.

@Rimu36 nilijaza psi 40 nyumbani, uzito wangu kilo 78.

#6 Fundi Spoki

Kwenye psi nina la kusema. Ukijaza ndani ya nyumba kwenye joto la nyuzi 20, halafu ukatoka kwenye sifuri, hewa ndani ya tairi inasinyaa. Tairi lililosoma psi 60 ndani litasoma kama 55 nje. Kwa hiyo mkuu huenda ile 40 yako ilikuwa 36 hivi njiani, na ndiyo maana ilishika. Kwa tairi pana kwenye udongo mimi hushusha makusudi. Tairi laini linajilaza, linashika eneo kubwa zaidi, na halirukiruki kwenye mabonge ya udongo ulioganda. Usishushe mpaka rimu igonge jiwe, utakata tyubu mara mbili kwa pigo moja, kama meno ya nyoka.

Niwe mkweli lakini: juu ya barafu tupu, hewa pungufu haikuokoi. Hapo ni chuma tu, yaani matairi yenye njumu, vile vijino vya chuma. Wenye nayo watasema.

Sasa pancha. Kwanza, usibandike kiraka njiani kwenye baridi. Solusheni inachelewa kukauka, unabandika mbichi, kinabanduka baada ya kilomita mbili. Beba tyubu nzima mbili, viraka ni vya nyumbani. Pili, raba ya tairi kwenye baridi inakakamaa, ukingo wake unagoma kupanda rimu. Sukuma ukingo wote uingie kwenye bonde la katikati ya rimu, zungusha kuanzia mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu. Utapata ulegevu wa kutosha kumalizia kwa viganja bila chuma. Tatu, kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi, kidole cha ganzi hakiusikii mwiba. Kitambaa kitanasa. Nimeona watu wakiharibu tyubu mbili kwa mwiba mmoja.

Wanaotumia vile vichupa vya gesi ya kaboni dayoksaidi: usikishike kwa mkono mtupu wakati kinafunguka. Chupa inaganda papo hapo na ngozi inanasa.

#7 Muuguzi wa Zamu

Mimi vidole ndivyo vimenishtua kuliko kuanguka. Kaka Mwendapole, kufa ganzi kwa dakika 25 si jambo la kuvumilia tu.

Mwili ukihisi baridi unafunga mishipa ya mikononi na miguuni ili damu ibaki kifuani na tumboni. Maana yake ni kwamba glavu nene peke yake haitoshi kama kifua kimepoa. Watu hununua glavu ya tatu wakati kinachohitajika ni kizibao cha kuzuia upepo. Vaa vizuri kifuani na shingoni kwanza, kisha mikono itapelekewa damu.

Na upepo wa mwendo wako mwenyewe unahesabika. Hewa ikiwa sifuri na wewe unakwenda kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 5 chini ya sifuri. Ukiteremka kwa 35 inafika kama 7 chini. Kwa hiyo vaa zaidi kabla ya mteremko. Ukifunga zipu ukiwa chini umeshachelewa. Pamba usivae karibu na ngozi, ikishalowa jasho haikauki na inakunyonya joto. Sufu inaendelea kukupa joto hata ikiwa na unyevu.

Kidole kikiwa cheupe kama nta na hakina hisia, usikisugue na usikipake theluji, hayo ya kusugua ni imani ya zamani inayoumiza. Kiweke kwapani, tulia mpaka rangi irudi. Kisiporudi, au ngozi ikiwa ngumu, nenda hospitali.

Mkiendesha wawili wawili, chunguzaneni. Mtu akianza kutetemeka sana, kudondosha vitu, kujibu kwa kumung'unya maneno, safari imekwisha, tafuteni pa kujisitiri. Akiacha kutetemeka huku bado yuko baridini ndipo hatari imekuwa kubwa, hiyo si nafuu.

#8 Peloton ya Nyuma

Dada Muuguzi umenikumbusha mbio za baiskeli za Ubelgiji, Liège–Bastogne–Liège, za mwaka 1980, mwezi wa nne, theluji ikaanguka muda mfupi baada ya kuanza. Zaidi ya waendeshaji 170 walianza, waliomaliza ni 21. Bernard Hinault alishinda kwa zaidi ya dakika 9 mbele ya wa pili, lakini vidole viwili vya mkono havikurudi sawa, na mwenyewe amesimulia miaka mingi baadaye kwamba baridi bado inamuuma hapo. Mtu yule alikuwa na gari la timu nyuma yake na daktari mwisho wa njia. Sisi wa vijiani hatuna gari nyuma. Glavu ya akiba iliyokauka, ndani ya mfuko wa plastiki, kila safari.

#9 Binti Pedali

Habari zenu wote. Nimeanza kuendesha mwaka huu, baridi hii ni ya kwanza kwangu juu ya baiskeli, na uzi huu nimeusoma mara mbili. Nina maswali mawili. Nikipanda kilima hewa baridi inanichoma kifuani na nakohoa baadaye mpaka jioni, je ni kawaida? Na pili, naogopa giza. Juzi nilitoka saa nane mchana nikidhani nina muda, saa kumi na nusu nilikuwa bado njiani na sioni mashimo. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

#10 Muuguzi wa Zamu

Karibu dada. Hewa ya baridi ni kavu, na ukihema kwa nguvu kwa mdomo njia za hewa zinakauka na kujibana. Funika mdomo na pua kwa kitambaa chepesi cha shingoni, pumzi yako mwenyewe itailainisha hewa unayovuta. Anza polepole robo saa ya kwanza, kilima kipande kwa gia nyepesi. Lakini ukisikia kifua kinapiga filimbi au kinabana, mwone daktari kabla ya safari nyingine. Pumu ya mazoezi ipo na ina dawa.

#11 Mtazamawingu

Kuhusu giza, dada, panga safari kwa saa za mwanga na si kwa kilomita. Mimi huchukua saa ya jua kuzama, natoa saa moja, hiyo ndiyo saa ya kuwa mlangoni. Kisha nagawa muda uliobaki: nusu ya kwenda, nusu ya kurudi, hata kama sijafika nilikokusudia nageuza. Na toka ukiwa na upepo usoni, urudi nao mgongoni. Ukifanya kinyume utatoka jasho ukienda, halafu upepo wa usoni ukugandishe nalo wakati umechoka.

Taa beba hata adhuhuri. Betri za lithiamu hupungukiwa nguvu kwenye baridi, taa iliyoandikwa saa tatu usiitegemee saa tatu. Ile ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Wenye dainamo kwenye kitovu cha gurudumu hawana shida hii.

Kitu ambacho hakisemwi vya kutosha ni jua lenyewe. Msimu huu liko chini kutwa nzima. Tazama kivuli chako: kikielekea mbele, kwenye gari linalokuja, basi jua liko machoni mwa dereva huyo na huenda hakuoni kabisa. Na likiwa machoni mwako wewe, ujue anayekuja nyuma yako naye limemjaa machoni. Kwenye barabara nyembamba zenye ua pande zote, mimi hapo husogea kwenye lango la shamba nikasubiri apite.

#12 Njumu

Fundi kaniita. Matairi ya njumu ninayo, msimu wa nne huu. Njumu nzuri zina ncha ya kabidi ya tangsteni, za chuma cha kawaida lami inazila haraka. Matairi ni mazito, yananguruma kwenye lami kavu, na mwendo unapungua, hilo nalikubali. Lakini kwenye barafu tupu unaendesha na unakata kona. Kama uwezo wako ni wa tairi moja, liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kulirudisha, la mbele likiteleza umeshaanguka. Tairi jipya lipeleke taratibu kwenye lami kilomita 40 hivi za mwanzo, bila breki za ghafla, njumu zikae vizuri kwenye raba.

Watu wakiniambia baridi na baiskeli haviendani nawatajia Oulu, kule Finland kaskazini, ambako wazee na watoto wa shule wanaendesha juu ya theluji iliyoshindiliwa kama jambo la kila siku. Kongamano la kwanza la kimataifa la uendeshaji baiskeli majira ya baridi lilifanyika huko mwaka 2013. Siri yao si ushujaa. Njia zao zinasafishwa mapema asubuhi, watu wakiamka ziko tayari. Sisi wa vijia vya mashambani hatusafishiwi na mtu, kwa hiyo hilo la kuchagua saa ndilo limebaki mikononi mwetu.

Kwa wasio na njumu, ule mlio ukikatika: usishike breki, usigeuze, usikanyage kwa nguvu. Kaa mzito kwenye kiti, mikono ilegee, acha baiskeli ijiviringishe yenyewe mpaka lami irudi. Sehemu nyingi za barafu ni fupi. Kinachowaangusha watu ni kushtuka.

#13 Fundi Spoki

Nyongeza ya chumvi. Barabara zilizomwagwa chumvi hazitelezi sana, lakini chumvi inakula mnyororo, nati za spoki, na nguzo ya kiti inanasa ndani ya fremu isitoke tena. Nguzo ichomoeni kabla msimu haujaanza, ipakeni grisi. Ukirudi nyumbani mwagia baiskeli maji ya uvuguvugu kwa ndoo, usitumie pampu ya maji ya nguvu, inasukuma uchafu ndani ya beringi. Kausha mnyororo kwa kitambaa, tia oili nzito ya msimu wa mvua, ile nyepesi inasombwa na maji safari moja. Raba za breki zitoeni vipande vya mchanga kwa ncha ya kisu, vinakwaruza rimu kama msasa. Madigadi marefu, lile la mbele likiwa na ulimi unaokaribia ardhi: miguu yako itabaki mikavu. Na msifikiri chumvi ni kinga ya kila baridi, ikifika kama nyuzi 9 chini ya sifuri chumvi ya kawaida inakuwa imeshachoka.

#14 Jirani wa Njia

Mimi naishi kando ya njia kama hizi, na nimefurahi kuona mnaongea hivi. Naomba jambo moja. Kijia kikianza kuyeyuka, tokeni, si kwa usalama wenu tu. Baiskeli kumi zikipita kwenye tope la juu linalokaa kwenye barafu, zinachimba mfereji ambao maji ya mvua yataufuata, na kufikia majira ya kuchipua njia imekuwa mtaro. Kikiwa kimeganda piteni mtakavyo, hamwachi hata alama.

Na farasi: msiwapite kimya kutoka nyuma. Semeni neno mapema, sauti ya mtu inawatuliza kuliko kengele. Lango mkilikuta limefungwa lifungeni tena, hata kama komeo limeganda na linauma vidole.

#15 Binti Pedali

Asanteni wote kutoka moyoni. Jumamosi nitatoka saa nne, kitambaa mdomoni, taa mbili, na saa nane niwe mlangoni.

#16 Mwendapole

Wakuu, nimerudi na taarifa. Usiku wa jana tena nyota tupu, hewa nyuzi 1. Nilisubiri mpaka saa tatu, nikaanza na kile kijia cha watembea kwa miguu. Juzi nilikipitia kwa mguu kikiwa na tope, nikajua kipande cha langoni nikiepuke. Kizibao cha upepo kifuani, glavu kavu mfukoni, psi 35. Saa mbili nzima vidole vilikuwa vyangu.

Darajani nilifika saa tano kasorobo, nikashuka nikalivuka kwa miguu kupitia majani. Barafu haikuwepo, jua lilishalifikia. Nikapanda tena nikiwa nimetulia, nikaingia kwenye ule mkunjo wenye miti mirefu ambako maji ya shambani huchuruzika kukatiza lami. Shhhh, shhhh, halafu kimya.

Nikaacha kukanyaga. Nikakaa mzito kwenye kiti, nikalegeza mikono. Baiskeli ikapita kivulini bila sauti, mita kama tano hivi, nikiwa natazama tu pale kivuli kinapoishia na lami inapong'aa. Kisha mlio wa maji ukarudi chini ya tairi la mbele, na baada yake la nyuma.